Mpangaji wa Dirisha la Kuchorwa

Bi Ersilia Canepa alikuwa jikoni akitwanga majani ya mrehani na kitunguu saumu katika kinu cha marumaru, Tullio alipoingia na fundi wa kufunga kisanduku cha funguo mlangoni. Tullio alikuwa mtoto wa kaka yake. Kaka alizikwa majira ya baridi, na nyumba ile ya rangi ya waridi iliyopauka, inayoitazama bahari ya Liguria, ikawa ya mwanawe, aliyetaka kuikodisha kwa watalii.

"Shangazi, wageni wa kwanza wanaingia Jumamosi. Umeshapata pa kwenda?"

"Natafuta."

"Kule bondeni kuna chumba kizuri. Basi linafika."

"Na bahari inafika?"

Tullio alimwonyesha fundi mahali pa kutoboa.

Bi Ersilia alizaliwa katika nyumba hiyo na hakuwa amewahi kuamka mahali ambapo bahari haionekani. Kama kuta nyingi za pwani hiyo, ukuta wa mbele ulikuwa na madirisha matatu ya kweli na la nne la kuchorwa, ambalo mchoraji wa zamani aliliweka ili upande wa kushoto usionekane mtupu. Alikuwa amelichora na fremu yake, mbao zake za kijani, hata kivuli chake. Ijumaa jioni Bi Ersilia alichukua kiti, kinu na shali, akageuka ubavu kando ya jiko, akapenya ukuta na kuhamia ndani ya dirisha hilo la kuchorwa.

Chumba kilikuwa na kina cha rangi tu, kwa hiyo hakuweza kunyoosha miguu, lakini hakikuwa na unyevu. Usumbufu ulitokana na kivuli. Mchoraji alikuwa amekichora kinavyoanguka saa nne asubuhi, na humo ndani ikabaki saa nne asubuhi usiku na mchana. Muda wa kulala Bi Ersilia aliujua kwa kengele za kanisa.

Iolanda, mwoka mikate wa ghorofa ya chini, alimpandishia mkate bapa kwa kikapu na kamba.

"Vipi huko, umenenepa?" aliuliza akiwa ameinua shingo.

"Nimekuwa bapa kuliko mkate wako."

"Basi mwambie Tullio akupake mafuta na chumvi, akuuze."

Mkate ulipovuka kizingiti uligeuka kuwa rangi ya kuchorwa tu. Ulimshibisha nusu.

Wageni walishuka kutoka kwenye feri, wakala dagaa wa chumvi, wakapiga picha kanisa, kisha wakampiga picha Bi Ersilia. Katika tangazo la nyumba, baada ya maneno kuhusu bahari, Tullio aliongeza kwamba dirishani yupo bibi. Jumatatu moja alisimama barabarani amekunja uso.

"Shangazi, jana hukuwepo. Wageni wamelalamika."

"Nilikwenda misa." Alikuwa amepitia jikoni kama kawaida, akiwaomba radhi waliokuwa wakinywa kahawa.

"Huwezi kusali humo humo?"

"Padri haingii humu, Tullio. Ana tumbo."

Vuli ilipofika, manispaa iliagiza kuta za mbele zipakwe upya. Mchoraji aliyekodiwa na Tullio alipanda jukwaa la mafundi na kumuuliza Bi Ersilia kama shali abaki nayo. Alisema abaki nayo.

"Na kivuli, mama? Naweza kukupa jioni. Umekaa asubuhi muda mrefu."

"Nipe jioni, mwanangu."

"Hapana, iwe saa nne ile ile," Tullio alisema kutoka chini. "Ndipo feri inapofika. Na rangi iwe nzito, asiwe anatokatoka."

Mchoraji alipaka mara mbili. Jumapili Bi Ersilia aligeuka ubavu akasukuma, ukuta haukupenyeka. Alirudi kitini akaanza kutwanga. Mgeni aliyelala kitandani kwake aligonga ukuta kulalamikia kelele, naye Bi Ersilia akauweka mchi chini.

Kabla ya Krismasi tanuri la Iolanda liling'olewa, kwani ghorofa ya chini nayo ilihitajika kwa wageni. Mchoraji alikuwa bado na rangi. Alimchorea Iolanda dirisha upande wa kulia, lenye kivuli cha saa nne ile ile, akamuuliza kama angependa amchoree na paka.

"Atakula nini?" Iolanda aliuliza, akaingia na kikapu chake.

Madirisha yote mawili yalielekea baharini, kwa hiyo hawakuweza kuonana. Kengele za jioni zilipolia, taa za feri ya mwisho zilikuwa zikipotea nyuma ya rasi.

"Umeamkaje, Ersilia?" Iolanda aliuliza kutoka upande wa kulia.

"Salama," alijibu Bi Ersilia, akaiweka shali vizuri.