Yupi wa Kwenda Naye

Madirisha ya kota hii ya jeshi yalikuwa mapana kuliko ya kule walikotoka, kwa hiyo mke wa sajini alikuwa ameketi sakafuni akiunga mapazia mawili yawe moja. Mtafiti kutoka chuoni alipobisha hodi, alikaribishwa bila sindano kusimama. Binti wa nyumba, wa miaka kumi na mitano, alikuwa mezani akifanya hesabu. Sajini alikuwa mpakani, kama kawaida.

Mtafiti alieleza kwamba wanachunguza hali ya vijana katika familia za wanajeshi: wanalalaje, wana marafiki, wakielemewa wanazungumza na nani. Binti alijibu yote, moja baada ya jingine. Analala vizuri. Marafiki wapo. Hana tatizo. Mtafiti alishukuru, akafunika kalamu, kisha akamgeukia mama.

"Mama, huyu nilishamhoji wiki iliyopita. Kule kambi ya mtoni."

"Wa mtoni hajambo?"

"Hajambo. Amekonda."

"Wanamlisha?"

Mtafiti alisema wanamlisha. Familia iliyohamia nyumba ile ilimkuta amekaa kwenye ngazi za nyuma, wakaongeza sahani. Shida yake ni kulia tu.

"Ndiyo maana," alisema mama, akakata uzi kwa meno. "Huyu tangu tuje hapa hajalia, hata siku alipobanwa kidole na mlango. Kilio alikiacha kule."

Akaeleza, kwa sauti ya mtu anayeelekeza njia, kwamba kabla ya mtoni walikaa kambi ya mlimani, na huko amebaki mwingine, mdogo, anayecheka. Majirani wa zamani humletea salamu zake. Ndivyo mambo yalivyo: mke wa askari kwao ni kwenye lori, na mtoto wake hana kwao, ana vituo. Alilotaka mama lilikuwa dogo. Binti alikuwa amebakiza mwaka mmoja kumaliza shule. Chuo kiwaambie wakubwa wa jeshi waiache familia pale mpaka amalize.

"Waandikie, mwanangu. Wakituhamisha tena, sijui nitaondoka na nini."

Mtafiti aliandika. Mkuu wa mradi, mzee mpole aliyesoma kila ukurasa, hakubishia hata neno. Alisema tu kwamba mtoto mmoja hahesabiwi mara tatu, na kwa taratibu zao anayehesabiwa ni yule anayeishi na wazazi wake. Huyo hakuwa na tatizo. Ripoti ikasema vijana wa kambini huzoea haraka, wakubwa wakaipokea kwa furaha, na uhamisho ukatoka kabla ya mitihani.

Sajini alipewa ruhusa aje kuhamisha familia. Alifunga vitanda kwa kamba, akapakia masanduku. Aliporudi kukagua vyumba alimkuta binti yake amesimama kwenye dirisha la sebuleni. Binti yake alikuwa pia ameshakaa kwenye lori, mbele, mikono mapajani. Sajini alitazama huku na huku.

"Mama watoto, yupi wa kwenda naye?"

"Wa kwenye lori. Ungekuwa unashinda nyumbani, usingeuliza."

Sajini alisema amri haikuwa yake. Ilikuwa kweli, kwa hiyo mkewe alikwenda kukabidhi funguo.

Mke wa fundi magari, ambaye ndiye aliyekuwa akihamia, alipokea funguo. Mama akampa maelekezo: bomba la jikoni lifungwe kwa nguvu, la sivyo litavuja, huyu wa dirishani hali vitunguu, na akikaa kimya mno aulizwe, maana huyu akiulizwa hujibu. Mgeni alimwambia asiwe na wasiwasi. Wao nao wamemwacha kijana wao kambi ya uwanja wa ndege, na waliomkuta ni watu wazuri.

Mama alipanda lori, akamsogeza binti katikati asije akapigwa na mlango. Hakuwa mzito.

"Umekunywa maji?"

"Ndiyo, mama," binti akajibu kutoka dirisha la sebuleni.

Dereva akatia gari moto. Walipokwisha kupita geti, mama akamuuliza tena huyu aliyekaa kando yake.