Bomba la Upande wa Pili

Kisahani cha kumi na moja ndicho kilichomshtua mpimaji wa maji. Alikitoa asubuhi kwenye kabati la joto kama alivyotoa vile kumi vya kwanza, akitarajia kukikuta cheupe. Kilikuwa kimejaa madoa ya buluu yasiyohesabika: vijidudu vya kinyesi. Akasoma kibandiko. Maji yalitoka mtaa wa dada yake.

Maabara yao ilihudumia mikoa miwili iliyotenganishwa na mto mmoja wenye daraja. Ripoti ya hali ya maisha ilipotoka, mkoa wa ng'ambo uliongoza kwa maji, shule na barabara. Wa kwao ukaburuta mkia. Dada hakungoja kuambiwa mara mbili. Alifungasha, akavuka na mumewe na kitoto chao cha mwaka mmoja. Tangu hapo, kila simu ilikuwa majigambo: "Mdogo wangu, wewe bebana na ndoo mpaka shingo iingie mabegani! Huku nafungua bomba tu, mtoto anakunywa."

Mtoto anakunywa. Alipiga simu mara tatu bila kujibiwa. Ya nne ikapokewa.

"Nilikuwa nabadilisha nepi," dada alisema. "Anaharisha tangu jana. Meno tu hayo."

"Unampa nini?"

"Maji, mengi tu. Si nyie wenyewe mnasema mtoto akiharisha anyweshwe?"

"Ya bomba usimpe tena, hata tone! Mkimbize zahanati, nakuja."

Mlangoni akakutana na mkuu wake. "Lazima turudie kipimo," alisema mkuu. "Majibu kesho."

"Mzee, ngojangoja huumiza matumbo, na safari hii yanaumia kweli." Akapita, koti jeupe mwilini, akadandia pikipiki. Darajani alimhimiza dereva mpaka yule mtu akamuuliza kama kuna msiba.

Zahanati alimkuta mtoto amelegea kama kitambaa kilicholoa. Macho yalikuwa yamedidimia, na kilio chake hakikuwa na chozi. Muuguzi alitafuta mshipa, akaukosa. Akatafuta tena, akaukosa. Dada alikuwa ameng'ang'ania ukingo wa kitanda. "Nimemnywesha kwa mkono wangu huu," alirudia. "Kwa mkono wangu."

"Nyamaza, dada. Shika mguu wake."

Sindano ya tatu ikaingia. Wakakaa wakitazama dripu ikidondoka, hakuna aliyethubutu kupepesa macho. Alasiri mtoto akamkojolea mpimaji, mama yake mdogo, mapajani. Dada akacheka na kulia kwa pamoja. Mkojo haujawahi kupokewa kwa shangwe namna ile.

Ndipo mpimaji alipogeuka na kuliona benchi. Akina mama sita, watoto sita waliolegea. Akauliza wanaishi wapi. Wote walitaja mtaa ule ule.

Akampigia mkuu. Safari hii hakubishana, alimweleza tu anachokiona. "Nawaambia mamlaka ya maji wafunge bomba kuu," mkuu akasema papo hapo.

Lakini maji yalikuwa bado kwenye mabomba, matangi na mitungi. Akatoka mbio, akabisha hodi nyumba ya kwanza ya mtaa ule. Bibi mmoja alifungua, akamwona anavyohema, akamhurumia.

"Pole, mwanangu. Kaa kwanza, nikuletee maji."