Ndiyo ya Fundi

Klachi ilikufa kwenye mlima wa kwenda kliniki. Fundi alikuwa amefungwa mkanda kiti cha mbele, mkewe akikanyaga mafuta mpaka moshi ukatoka chini na gari likaanza kurudi nyuma lenyewe. Wapita njia wakalisukuma hadi nyumbani. Siku hiyo Fundi alikosa mazoezi ya mkono, na wiki iliyofuata akakosa tena.

Kwa miaka ishirini na miwili yeye ndiye aliyefungua klachi za watu. Kisha kiharusi kikamwangusha asubuhi moja pale gereji, kikachukua upande wa kulia na karibu ulimi wote. Kikamwachia maneno matatu: "ndiyo", "hapana", na "mbuzi wee", tusi alilokuwa akiwatupia wanagenzi. Hilo la tatu lilimtoka bila kigugumizi, tena mbele ya wageni wa heshima. Mkewe alishazoea kuwaambia, "Msameheni, ndiyo karibu yake."

Mafundi wenzake waliahidi kuja. Huyu alisema kesho, yule kesho kutwa, wiki tatu zikapita. Na mtaalamu wa mazoezi alishaonya: mkono usiponyooshwa miezi hii ya mwanzo, utaganda hivyo hivyo. Mke kazi yake ilikuwa kushona nguo. Spana alizijua za kumpokeza mumewe tu. Akapiga moyo konde.

"Mimi nitakuwa mikono, wewe uwe kichwa," alimwambia.

Moyoni alitaka kitu kikubwa kuliko gari. Aliamini ufundi wa mumewe ungali mzima mle ndani, mlango tu ndio umejifunga, na pengine harufu ya oili ingeufungua.

Jumamosi akamketisha Fundi kwenye kiti kizingitini, mto mgongoni, akainua gari kwa jeki na kulikalisha juu ya stendi. Alikata boksi la karatasi, akachora umbo la giaboksi kwa chaki ya kukatia nguo, na kila bolti aliyoifungua akaichomeka mahali pake, kama mtu anayepanga vifungo vya koti.

"Hii nayo?"

"Ndiyo."

"Na hii?"

"Ndiyo."

Kila akigeuka alimwona Fundi amenyooka zaidi kitini, macho yamechangamka. Tangu kiharusi hakuwahi kumwona hivyo. Kidogo aimbe.

Shemeji yake, mdogo wa Fundi, alifika kutoka zamu ya kuoka mikate, unga ungali kwenye nyusi. Akaingia uvunguni kwa mbwembwe.

"Shemeji, hiki chuma ni kama gunia la ngano, lakini gunia halina kona!"

"Usiongee, shika."

"Ndiyo! Ndiyo!" Fundi alipiga kelele. Wakadhani anawahimiza, wakavuta shafti iliyochomekwa kwenye giaboksi. Oili yote ya giaboksi, ambayo hakuna aliyekumbuka kuimwaga, ikamshukia shemeji usoni.

"Mbuzi wee," alisema Fundi.

Walicheka wote watatu, na Fundi akacheka mpaka chozi. Baadaye ndipo mke alijiuliza kwa nini Fundi hakusema "hapana". Lakini giaboksi lilikuwa limeshuka salama, na swali likampita.

Walipolegeza bolti ya mwisho ya presha, kile kifuniko kinachoibana pleti ya klachi, pleti ya zamani iliponyoka, ikagonga sakafu na kubingirika hadi ukutani. Ilikuwa imelika hadi kwenye misumari yake ya ribiti. Bolti zote alikuwa amezipanga. Pleti ilikaaje, hakuona.

Akaitoa mpya, aliyokuwa ameinunua dukani, kwenye karatasi yake. Upande mmoja ulikuwa na kitovu kilichochomoza, mwingine umelala. Maandishi yake yalikuwa ya herufi ambazo hakuna mtu pale nyumbani aliyezijua. Akampelekea Fundi.

"Kitovu kinatazama injini? Hivi?"

"Ndiyo."

Kitu kikamgusa. Akaigeuza. "Au kinatazama giaboksi? Hivi?"

"Ndiyo."

"Fundi. Ni moja tu. Nionyeshe kwa mkono."

Fundi akaipokea kwa mkono wa kushoto, akaiweka mapajani. Akaigeuza, akaigeuza tena. Akapitisha kidole kwenye meno ya katikati, taratibu, kama mtu aliyeokota kitu barabarani na hajui ni cha nani. Halafu akamrudishia bila kumtazama, akageuza uso upande wa mlango.

Mke akasimama na ile pleti. Hapakuwa na mlango uliofungwa. Chumba chenyewe kilikuwa kitupu, na mwenye chumba alijua.

"Ziko njia mbili tu, shemeji," mdogo mtu alisema kutoka chini. "Chagua moja."

Akachagua. Walifunga kila kitu, wakajaza oili, wakashusha gari jua likiwa bado lipo. Akaketi, akawasha. Injini ikanguruma vizuri. Akakanyaga klachi hadi mwisho, akasukuma gia. Chuma kikasaga chuma kwa sauti ya kutoa roho, gari likaruka kama lililochomwa sindano, likagonga pipa la maji na kuzimika. Akajaribu mara ya pili. Mara ya tatu ikasikika *taa!* kama kitu kimekatika, kisha pedali ikalala sakafuni na haikurudi.

Kizingitini Fundi alikuwa ameufunika uso kwa ule mkono mmoja.

"Tutafungua tena," alisema shemeji, akijinyoosha kiuno. "Nikipata nafasi."

"Sawa," alijibu mke, na wote wawili waliijua ile nafasi: ilikuwa kama kesho ya wale mafundi.

Jumatatu alipiga simu kliniki. Dada wa mapokezi alisema mgonjwa akikosa mara tatu, nafasi yake hupewa mwingine; wasubiri, wataitwa. Hakusema lini.

Akachukua karatasi ya picha za mazoezi, akaketi kitandani na kuanza mwenyewe kuvinyoosha vidole vya mkono wa kulia wa Fundi, kimoja kimoja. Kile cha mwisho kilikataa. Akakivuta kidogo, Fundi akakunja uso.

Alitaka kumuuliza kama inauma, lakini "ndiyo" yake isingemwambia kitu. Akakiachia, akahamia kiwiko.