Macho ya Shangazi Mboje

Jumamosi mchana Wilhelmina alikunja sare za shule alizokuwa anashona, akazipandisha juu ya kabati, akafuta meza ya kukatia vitambaa na kuwapangia wenzake viti. Kila Jumamosi kibanda chake cha cherehani, nyuma ya soko la Bariadi, kiligeuka baraza la wanawake wanaoandika. Hawakuwa wengi. Alikuwepo yeye, Apolonia mwalimu wa sekondari, Domitila mke wa mchungaji, na wengine waliokuja pale waume zao walipokuwa hawana la kuwatuma. Waliandika habari za wanawake, wakasomeana, wakakosoana bila huruma, kisha wakala michembe ya viazi vitamu na karanga. Wanaume wa sokoni waliwaita kikoba kisichokopesha. "Waacheni," Domitila alikuwa akisema, "mdomo haulipiwi kodi."

Siku hiyo walikuwa na mgeni. Shangazi Mboje, dada wa marehemu baba yake Wilhelmina, alikaa juu ya robota la vitambaa, miguu ameinyoosha. Alikuwa mjane asiye na mtoto, na shamba lake lilikuwa pembeni kabisa mwa Lagangabilili. Ndama wa jirani alikufa, mtoto wa jirani mwingine akaanguka kifafa, na mganga akasema anayeyafanya hayo ni mama mwenye macho mekundu. Maneno kama hayo yakishatamkwa huku, hayabaki maneno. Wilhelmina hakungoja. Alimfuata shangazi yake na bodaboda, wakarudi mshikaki, na kuku wa shangazi katikati yao.

Wala macho ya Mboje hayakuwa na fumbo. Kuni zilikuwa adimu, naye alipikia mavi makavu ya ng'ombe tangu alipoolewa. Moshi ukaingia machoni, ukahamia humo. Hayo ndiyo Wilhelmina aliyoyaandika, na sasa alikuwa anayasoma.

"Hakumroga mtu," alisoma. "Alipika."

Hapo macho ya Domitila yakawa mekundu. Yalianzia kwenye pembe, yakaenea taratibu, bila maumivu. Yakafuata ya Apolonia, kisha ya wengine wote. Wilhelmina alinyanyua uso, akajiona kwenye kioo cha wateja: na yake tayari.

"Mbona umenyamaza?" Domitila aliuliza. "Soma, mwenzetu."

Wilhelmina akasoma mpaka mwisho. Apolonia akasema mwanzo ni mrefu na ule mstari wa ndama unaweza kuondoka. Wakabishana kuhusu ndama mpaka michembe ikaisha.

Jumatatu walikwenda hospitali. Daktari aliwamulika na tochi mmoja mmoja, akasema macho ni mazima, ni mekundu tu, akawaandikia dawa ya matone ili wasiondoke mikono mitupu.

Habari ile haikukaa kibandani. Apolonia aliisoma darasani. Wasichana wakatoka na macho mekundu, wavulana wakatoka na usingizi. Domitila aliisoma kwa akina mama wa kanisa, nao wakaipeleka kwenye visima na mashine za kusaga. Wauza dagaa waliibeba kichwani mpaka Nassa, na abiria mmoja akaifikisha Maswa. Kila mwanamke aliyeisikia aliamka na macho yale. Miwani myeusi iliisha madukani, kisha watu wakaona ni gharama za bure, wakaacha. Mke wa mganga naye aliipata. Mganga alimtazama mkewe asubuhi, akaomba uji.

Kikundi kilifurahi, jamani, kilifurahi kweli. Wilhelmina alikuwa akishona huku akiimba. Kwa miaka walikuwa wameandika habari za akina mama waliokatwa mapanga, na hakuna panga hata moja lililorudi kwenye ala kwa sababu ya sentensi zao. Sasa mkoa mzima ulikuwa na macho ya Mboje.

"Wakiua wote wenye macho mekundu," Domitila alicheka, "watamuoa nani? Watapikiwa na nani?"

Mvua za kwanza zilipogonga, Mboje alisema anataka kurudi kupanda pamba. Wilhelmina hakuona sababu ya kumzuia.

"Shangazi, sasa hivi wewe ni sindano kwenye boksi la sindano. Nani atakuchagua?"

Mboje alikuwa anafunga miguu ya kuku wake kwa kipande cha kitambaa. "Mwanangu, macho yangu ni haya haya tangu nilipoolewa. Nimemzika mume wangu nayo. Nimezalisha wake za hao majirani nayo, na hakuna aliyelalamika. Maneno yameanza juzi juzi tu, walipojenga zile ofisi mpya za wilaya karibu na shamba langu."

"Ni ujinga, shangazi. Ujinga dawa yake ni kusomewa."

Mboje alikaza fundo la kitambaa. "Wabeja, mwanangu," akashukuru kwa Kisukuma, na kuomba atafutiwe bodaboda mwenye adabu.

Asubuhi moja majirani walimkuta Mboje kwenye mlango wa jiko lake, amekatwa kwa panga, sufuria ya maji bado ikiwa mafigani. Wilhelmina alilia mpaka sauti ikakatika. Ni yeye aliyemwacha arudi, na alilijua hilo.

Msibani wanawake walisonga ugali kwenye masufuria makubwa, wote macho mekundu, na wanaume wakachimba kaburi. Aliyesimamia kila kitu ni Shigela, mtoto wa kaka wa marehemu mume wa Mboje, mtu mpole ambaye hajawahi kusikika akipaza sauti. Alihakikisha wageni wa mbali wamepata pa kulala. Askari alikuja, akauliza kama marehemu alikuwa na macho mekundu. Mama aliyemjibu "ndiyo" alikuwa na macho mekundu, na aliyemletea chai pia. Askari akaandika kwamba chanzo ni imani za kishirikina, akanywa chai yake, akaondoka.

"Mbona hawa wote wazima?" Wilhelmina alimuuliza Apolonia kwa sauti iliyobaki. "Mbona yeye tu?"

Apolonia aliwatazama wale wanawake, sufuria hadi sufuria. "Kati ya hawa," akasema, "ni nani mwenye hata kipande cha ardhi kwa jina lake?"

Wilhelmina akawapitia wote kwa macho, mmoja baada ya mwingine. Kisha akaangalia bondeni, lilipokuwa shamba la Mboje, na zaidi ya shamba mabati mapya ya ofisi yakimeremeta.

Tanga lilipoanuliwa, mtendaji wa kijiji aliwakusanya wanaukoo. Aliwaeleza kuwa marehemu, akiwa na akili zake timamu, alikwisha kuja ofisini na mashahidi, na shamba lake alimpa binti wa kaka yake, Wilhelmina. Watu waliitikia vizuri. Shigela, ambaye bila hayo angelirithi yeye, alikuwa wa kwanza kumpa Wilhelmina mkono wa hongera.

Jumamosi moja, kabla wenzake hawajatimia, Wilhelmina alikuwa kibandani na Domitila. Shigela aliingia na suruali mkononi, iliyofumuka kiunoni.

"Mwadila, dada zangu."

"Mwadila."

Aliuliza habari za watoto, za mchungaji, za mvua. Akauliza kama shamba limeshapandwa, Wilhelmina akasema bado. Shigela alikuwa amemwona na macho yale msimu mzima. Alikula ugali wake msibani akiwa ameketi mkabala naye, na mke wake mwenyewe alikuwa nayo nyumbani. Leo aliinamisha kichwa, akamkazia macho fundi, kama mtu aliyeletewa habari mbaya ya ndugu.

"Dada Wilhelmina," akasema kwa huruma. "Hayo macho yako. Yamekuwa mekundu sana."

Domitila aliacha kumenya karanga. "Na haya yangu, Shigela? Huyaoni?"

"Aa, ya kwako ya kawaida, mama mchungaji. Si mji mzima unayo?" Hakugeuka kumtazama. "Hivi, dada, hapa kibandani huwa unalala peke yako?"

Wilhelmina alichukua futi ya kupimia, akaizungusha kiunoni mwa Shigela, akasoma kipimo, akamwambia suruali itakuwa tayari Jumatano.