Amina kwa Mutai

Mimi nimezaliwa Myahudi huko Nyandarua, kwa hivyo asinifundishe mtu hapa Gaithersburg, Marekani, jinsi ya kuombea mateka. Mateka hutajwa kwa jina lake na la mamake, mbele ya watu kumi, nao waitikie amina. Ni hilo tu nililoomba sinagogini baada ya maafisa wa uhamiaji kumkamata mume wangu, Mutai, akitoka kazini.

Debora, mwenyekiti wa sinagogi yetu, alikuja akanikumbatia jikoni kwangu. "Wairimu, dada yangu, Sabato hii tutamtaja." Nikamwamini. Kwani si mimi niliyempikia mamake supu hadi siku alipofariki?

Sabato ikafika. Tukasoma Torati, tukaombea nchi, viongozi wapewe hekima, Debora mwenyewe akiongoza kwa sauti safi kabisa. Nikasimama nikingoja. Akafunga kitabu. Nilipomfuata koridoni akaniambia kamati imeogopa, siku hizi kila neno linafika mbali, na tusiwavute maafisa mlangoni kwetu. "Utuelewe," akasema. Yaani waliomfunga mume wangu tumewaombea, yeye tumemruka. Nilikasirika.

Jumatatu asubuhi nikaenda tena, maana Mutai hakosi ibada ya Jumatatu na nilitaka kukaa kwenye kiti chake. Theluji ilikuwa imeziba barabara, watu wakawa wachache. Debora alikuwepo. Ilikuwa kumbukumbu ya kifo cha mamake, na ile sala ya wafiwa, Kadishi, haisemwi bila watu kumi. Sisi hatuhesabu watu waziwazi, kwa hivyo akapita akitunyooshea kidole kama desturi ilivyo: "Si mmoja, si wawili..." Akaishia kwangu. "Si kumi," akasema, akashusha pumzi.

Nikashika koti langu. Wote wakaniona. Ningetoka, mama yule angekosa Kadishi yake mwaka huu, na bintiye angejua uchungu wangu ulivyo, wacha ajue. Lakini mama yule alikuwa akiniita mwanangu, na hakunikosea kitu. Nikakaa. Nikaitikia amina kila panapostahili.

Debora alipomaliza, nikasimama. "Mutai, mwana wa Jeptoo," nikasema, "Mungu amtoe kifungoni, amrudishe nyumbani salama."

Nikangoja. Tulikuwa bado kumi. Debora alikuwa anakunja shali yake ya maombi, pembe kwa pembe, na hakuna aliyeitikia.