Usukani wa Mzee Anselme

Hamimu alikuwa analitambua gari la mzee Anselme kwa mlio, kabla hajaliona. Lilikuwa gari la spoti la Kijapani, jekundu, la zamani, la milango miwili, la chini kiasi kwamba aliyeketi ndani alikaribia kugusa lami. Likiingia kwenye kichochoro cha garaji ya Hamimu pale Bwiza, mtaa mmoja wa Bujumbura, wauza viatu walisogeza meza zao huku wakitabasamu. Hamimu peke yake ndiye aliyekuwa ameacha kutabasamu.

Tatizo lilikuwa usukani. Gari lilikata kona vizuri, lakini usukani wenyewe, pamoja na mhimili wake, ulicheza juu na chini kama jino la mtoto linalotaka kutoka. Mara ya kwanza Hamimu alifanya kile ambacho fundi yeyote angefanya. Alilala chali, kichwa chini ya dashibodi na miguu nje, akafungua kifuniko cha plastiki, akazikaza bolti zinazoushikilia mhimili. Kazi fupi. Mzee akashukuru, akaenda zake.

Akarudi. Hamimu akaweka bolti mpya, ngumu zaidi. Mzee akarudi tena, na safari hiyo Hamimu aligundua kwamba hata bamba la chuma lililobeba zile bolti limeanza kupasuka. Akalitoa lote, akalichomelea, akalirudisha, jasho likimwingia machoni na spana ikimponyoka na kumgonga mdomoni. Alipomaliza aliutikisa usukani kwa nguvu, nao haukusogea. Akajiambia kwamba sasa yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Mvua zilipoanza, mlio ule ule ukasikika kichochoroni.

Kilichomkera zaidi Hamimu ni kwamba mzee hakuwahi kukasirika. Wateja wengine wa Bwiza walipiga kelele, wakatukana, wakatishia kwenda kwa fundi mwingine, na yeye aliwajibu kwa sauti ile ile mpaka wote wakachoka. Anselme alisimama tu mbele yake, kofia mkononi, akiomba radhi kwa kumsumbua. Labda ni barabara, alisema. Labda ni uzee wa gari. Kila alipomtafutia udhuru, Hamimu alisikia kama ameambiwa kwamba hajui kazi. Mafundi wa jirani walikwisha anza kumuuliza kwa mbali kama usukani umefika leo. Nyumbani alikaa akichokonoa bugali, na mkewe Waridi alipomuuliza ana nini, alimjibu kwa ukali kwamba hana kitu. Waridi akaondoa sahani, asiulize tena.

Kwa hiyo, siku hiyo ya mvua, Hamimu hakugusa spana. Alimwambia mzee kwamba watakwenda pamoja mpaka kwake Kanyosha, aone gari linavyoendeshwa. Kusema kweli alitaka kumpata na kosa. Alitaka kumwona akiingia mashimoni, akigonga kingo za barabara, ili hatimaye amwambie kwamba shida ni yeye.

Hakumpata. Anselme alikuwa ameendesha malori kutoka Dar es Salaam hadi Bujumbura karibu maisha yake yote, na ilionekana. Mikono yake ilikaa kwenye usukani bila kuubana. Alilikwepa kila shimo kabla Hamimu hajaliona. Alisimulia kwamba, miaka yote ile juu ya lori, alitamani gari moja la chini, la kwake, lisilobeba mzigo wa mtu. Hamimu alitazama nje ya dirisha, akazidi kununa.

Walifika. Anselme alizima injini lakini hakushuka. Alianza kueleza habari za nyumba, za ukuta, za migomba, mpaka Hamimu akaelewa kwamba anasubiriwa atoke kwanza. Akatoka. Mke wa mzee, mama Daphrose, alikuwa amekwisha fika mlangoni kumkaribisha, na Hamimu akageuka kumpa mkono.

Nyuma yake akasikia chuma kikilia. Aliujua mlio huo. Ameusikia mara nyingi kichwa chake kikiwa chini ya dashibodi. Akageuka. Anselme alikuwa ameukamata usukani kwa mikono miwili, meno yameuma mdomo, akijivuta juu na mwili wake wote, nao mhimili ukishuka taratibu chini ya uzito wake. Mguu mmoja ulikwisha toka nje. Wa pili ulikuwa hautaki.

Daphrose aliona kwamba Hamimu ameona.

Kwenye basi la kurudi Bwiza Hamimu alichemka. Alikuwa amelala chali chini ya ule mhimili kwa saa nyingi, akachomelea, akaunguza mkono, akachekwa, na kumbe neno moja lingetosha. Lakini hata yeye hakujua atalisema vipi. Utamwambiaje mtu aliyepandisha malori milima yote ile kwamba hawezi kuinuka kwenye kiti?

Akaona heri chuma kiseme badala yake. Alichukua kishikio cha basi dogo lililokufa, akakisafisha, akakizungushia ngozi ili kisiumize kiganja. Mzee alipolileta gari, Hamimu alikifunga kwenye nguzo ya mlango, upande wa dereva, kisha akamwita aje kuona.

Anselme alikitazama muda mrefu. Aliuliza hicho ni nini.

"Ya kushikia, mzee. Wakati wa kutoka."

"Nani alikwambia mi nashindwa kutoka mu gari yangu?"

"Nilikuona kule kwako. Unavuta usukani na mwili wote. Hata nikichomelea mara mia, utalegea tu."

Hapo ndipo Anselme alipopandisha sauti kwa mara ya kwanza. Alisema kwamba alileta usukani, hakuleta miguu yake. Alisema fundi asiyejua kukaza bolti hutafuta kosa kwa mteja. Akaamuru kile kitu kitolewe, na wauza viatu wote wakageuka. Hamimu akakitoa. Mzee akaingia na kuondoka, usukani ukiwa bado unacheza. Hamimu alilipiga teke debe tupu likabiringika mpaka barabarani. Siku zote alitamani mzee huyu agombe kama watu wengine. Sasa amegomba, na hakuna alichopata.

Wiki iliyofuata mama Daphrose alikuja peke yake, kwa basi. Aliketi juu ya tairi kuukuu, akakunja mwavuli, akauliza kama kile kishikio bado kipo. Alitaka kiwekwe upande wake, wa abiria, kwa sababu yeye ndiye anayeshindwa kutoka.

Hamimu, ambaye subira yake ilikuwa imekwisha, alimjibu kwamba upande wake hauna shida yoyote. Mama alimtazama kama anavyotazamwa mtu mzito kuelewa.

"Najua shida iko upande gani, mwanangu. We weka kwangu. Halafu umwambie vinawekwaka viwili."

Hamimu aliuliza kwa nini asimwambie mumewe ukweli tu. Daphrose alishusha pumzi. Mtoto wao Loïc, aliyekuwa Kanada, kila akipiga simu anasema gari liuzwe.

"Siku atakubali kama nyonga inamuuma, ataiuza. Na akiiuza, nitabaki naye ndani ya nyumba kutwa nzima."

Walikuja wote wawili siku ya Jumamosi. Hamimu alieleza, akikwepa macho ya mzee, kwamba kishikio kimoja peke yake kitavuta bodi ya gari upande mmoja. Ulikuwa upuuzi, na hakuna dereva wa malori ambaye angeuamini. Anselme alimtazama, akamtazama mkewe, kisha akatazama kichochoro.

"Basi weka viwili," alisema.

Hamimu akafunga kishikio kila upande, kisha akalala tena chali chini ya dashibodi. Bolti moja ilidondoka ikapotelea chini ya zulia, akaitafuta kwa vidole huku akilaani kimoyomoyo. Alikatwa kidole na ncha ya bamba. Shingo ilikakamaa. Alikaza kila kitu upya, akarudisha kifuniko, akatoka.

Usukani haukulegea tena. Kiangazi kilipoingia, foleni za mafuta zilipopungua kidogo, Anselme alileta gari kubadilisha oili. Alishuka mwenyewe, mkono mmoja kwenye kishikio, akasimama wima mbele ya mafundi wote wa jirani.

"Mwishowe ulijifunza kukaza bolti, fundi," alisema kwa sauti ya kusikika.

Wakacheka. Hamimu alifungua mdomo. Ndani ya gari mama Daphrose alikuwa anatazama mbele, hageuki, kama mtu aliye kanisani.

"Ndiyo, mzee," Hamimu alisema, akamwomba afungue boneti.