Jasho la Yaw Nti

Dapaah alikuwa amepanda juu ya kigoda kwenye kona ya chumba, kamera usoni, akiwapiga picha watu waliokuwa wakizunguka kitanda cha shaba. Kila Jumamosi ni hivyo. Waasante, watu wa kabila lake, huzikana siku hiyo, na mpiga picha mvivu wa kuamka hula makombo ya wenzake. Aliyelazwa kitandani leo ni Yaw Nti, fundi viatu, kavishwa vazi la heshima la kente na pete za kuazima. Mvua kubwa ya mwezi uliopita ilimsomba akatumbukia kwenye mtaro mbele ya soko. Mifuniko ya mtaro ule iling'olewa na halmashauri tangu kiangazi, eti matengenezo, na mpaka leo hakuna aliyeirudisha. Watu walilalamika wee, mwisho wakachoka.

Na waliomleta Dapaah hapa si wafiwa. Ni halmashauri hiyo hiyo. Ofisa wao wa habari, Bwana Ofosuhene, alimwambia jana kwamba maneno yamekuwa mengi mjini, inatakiwa picha moja ya kugusa moyo itoke gazetini: halmashauri ikilia na wanaolia. Akiipata, kazi ya kupiga picha za halmashauri ni yake. Dapaah alikubali kabla mwenzake hajamaliza kusema. Miaka kumi anahangaika misibani, anapigishana bei na watu wenye machozi, nani asingekubali?

Alikuwa na namna yake ya kazi. Picha za kujipanga, watu wamesimama kama chupa dukani, alizipiga kwa kuwa ndizo zinazouzika. Lakini alizozipenda ni za kuvizia, pale mtu anapojisahau. Hizo huwezi kumwagiza mtu.

Basi akavizia. Pokuaa, mama mdogo wa marehemu, alikuwa amekaa kichwani pa kitanda. Mama mzazi kwa desturi hakai karibu na maiti ya mwanawe, na kazi ile humwangukia ndugu yake. Pokuaa huchoma ndizi ng'ambo ya mtaro ule ule, na ndiye aliyeanza kupiga kelele siku ile maji yalipomchukua Yaw. Chumba kilikuwa na joto la watu, na maiti iliyokaa mwezi mzima kwenye baridi ya chumba cha maiti ilianza kutoka matone usoni. Pokuaa akainama na kitambaa cheupe, akampangusa paji la uso taratibu, kisha chini ya macho.

"Unatoka jasho, baba," alimnong'oneza. "Ngoja. Ngoja nikupanguse."

Dapaah alibonyeza mara moja tu.

Kosa lake lilikuja baada ya hapo, nalo lilitokana na majivuno. Bwana Ofosuhene alifika na katoni za maji na soda, zikatangazwa kwenye kipaza sauti, mkuu wa ukoo, Mzee Sarpong, akashukuru kama inavyopasa. Dapaah akashindwa kujizuia. Akamvuta ofisa pembeni akamwonyesha ile picha kwenye kioo cha kamera.

Ofosuhene aliitazama kwa muda mrefu. "Aisee. Hii ndiyo yenyewe," alisema. "Ila mimi simo."

"Hukuwepo, mkuu."

"Sasa nipo. Turudie."

Dapaah alidhani anataniwa, akacheka. Mwenzake hakucheka. Alishaingia chumbani, amekaza tai, anapasua katikati ya wanawake waliokuwa wakiomboleza. Akasimama kando ya Pokuaa, akamwinamia kwa adabu zote na kumweleza, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, kwamba picha ya kwanza haikukaa sawa. Ampanguse tena marehemu, vile vile, na kama machozi yapo yasizuiliwe. Yeye ataweka mkono begani kwake.

Kilio kilikatika. Dapaah alimtazama Mzee Sarpong, ambaye neno lake moja lingetosha, na mzee akatazama mlangoni kwenye zile katoni, kisha akatazama kucha zake. Ukoo mzima ulikuwa umeshapokea, na umeshashukuru hadharani.

"Mkuu, hii iliyopo inatosha," Dapaah alisema.

"Kaka, kazi unaitaka au huitaki?"

Dapaah akainua kamera. Ndiyo, aliinua. Na kilichomshtua zaidi ni kumwona Pokuaa akitikisa kichwa kukubali, akikikunjua kile kitambaa kilicholowa.

Kila mtu pale alijua habari ya kitambaa kile, na Ofosuhene, Mwasante wa kuzaliwa, aliijua pia. Kitambaa kilichompangusa maiti huingia naye kwenye jeneza. Aliye hai hakigusi kwa ngozi yake, hata kufuta vumbi la mkono, isipokuwa yule mmoja aliyepewa kazi.

"Wewe usogee kidogo," Pokuaa alimwambia ofisa. "Uonekane vizuri."

Ofosuhene akasogea, akaweka sura ya huzuni. Pokuaa akainuka badala ya kuinama. Akamshika ofisa kisogo kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akampangusa paji la uso, taratibu, kisha chini ya macho, vile vile kabisa kama alivyoombwa.

Mwanamke mmoja alianguka kwenye mkeka. Ofosuhene alibaki pale pale; midomo yake ilikuwa wazi, na matone ya Yaw Nti yaling'aa usoni pake. Pokuaa akakikunja kitambaa mara nne na kukitia kwenye mfuko wa koti la ofisa, juu ya moyo.

"Kinaenda na aliyepanguswa," alisema.

Kidole cha Dapaah kilikuwa kimeshabonyeza, chenyewe, kwa mazoea ya miaka. Kazi ya halmashauri aliiona ikiondoka na hakuifuata kwa macho.

Pokuaa akakaa tena kichwani pa kitanda, akamgeukia.

"Imetoka vizuri, mwanangu," alimwuliza, "au turudie?"